Kisima cha kijiji kina floraidi nyingi, na mume wangu ameniomba ninyamaze

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa katika kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Kwetu ni Morogoro. Nilikuja huku nikiwa mtu mzima, na meno yangu hayana doa. Mume wangu amezaliwa hapa, na meno yake ni ya kahawia kama ya ndugu zake wote. Wakati wa uchumba sikulitilia maanani jambo hilo, kwa kuwa huku ukitazama mdomo wa mtu yeyote aliyekulia kijijini unakuta vilevile, na hakuna anayelizungumza.

Binti yetu wa kwanza ana miaka 11. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe, lakini ya ukubwani yalipoota yalikuja na mabaka kama ya chokaa, kisha yakawa ya kahawia, na mawili ya mbele yana vishimo. Alipokuwa shule ya hapa kijijini hakujali, kwa sababu wenzake wote walikuwa kama yeye. Tangu tulipomhamishia shule ya mjini, ambako kuna watoto waliotoka kila mkoa, anaulizwa kama kwao hawapigi mswaki. Siku hizi akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Mwalimu wake ameniambia kwamba majibu anayajua lakini hanyooshi tena mkono. Wiki chache zilizopita nilimkuta nyuma ya nyumba akiyasugua meno kwa kipande cha msasa, na ufizi unatoka damu.

Mdogo wake ana miezi minane, bado ananyonya, na sasa ameanza kula uji.

Mwaka jana kijiji chetu kilipata kisima kirefu kwa fedha za wafadhili na michango ya wananchi. Kila kaya ilitoa pesa na nguvu kazi. Mama mkwe wangu, pamoja na umri wake, alibeba mawe. Kabla ya hapo tulichota mtoni. Sasa maji ni maangavu, wasichana hawatoki tena alfajiri na ndoo kichwani, na kuhara kwa watoto kumepungua sana. Mume wangu ni katibu wa kamati ya maji, na watu wanamheshimu kwa kazi hiyo.

Hivi karibuni sampuli ya maji ilipelekwa maabara, na mume wangu alinionyesha majibu usiku, watoto wakiwa wamelala. Imeandikwa kwamba floraidi, madini yanayotia meno rangi hiyo yakizidi, ni miligramu 6.2 kwa lita. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote mpaka kamati ipate pa kuanzia. Anasema watu wakisikia wataacha kulipia maji, pampu itasimama kwa kukosa fedha za kuiendesha, na kijiji kitarudi mtoni, ambako maji ni machafu na yenyewe hayajapimwa floraidi. Mama Mshauri, mume wangu si mtu mbaya, na sitaki usome barua hii ukamwona hivyo. Halali vizuri tangu karatasi ile ifike.

Dada yangu wa Morogoro, nilipomweleza juu ya meno ya binti yangu, alisema yuko tayari kumchukua huyu mdogo akae naye mpaka afikie umri wa kuanza shule. Mama mkwe alipopata habari alikasirika. Anasema watoto wote wa nyumba hii wamekunywa maji ya mlima huu, wamelima, wameoa na wamezaa, na kumpeleka mjukuu wake kwa watu wengine kwa sababu ya meno ni kuutukana ukoo. Mume wangu hakukataa moja kwa moja, lakini alisema kwamba katibu wa kamati ya maji akimhamisha mtoto wake, kijiji kizima kitaelewa bila kuambiwa.

Kuna jambo jingine linalonichanganya. Dawa ya meno tunayonunua imeandikwa kwamba ina floraidi, na nimesikia kuwa kuna nchi zinazoiongeza kwenye maji ya bomba kwa makusudi. Je, kitu hiki ni dawa au ni sumu? Na mgongo wa mama mkwe uliokakamaa, na miguu ya mtoto wa jirani yetu iliyopinda, vyote vimetokana na maji?

Jirani yangu mwingine amejifungua mwezi uliopita. Hatumii maziwa ya kopo, lakini najua muda si mrefu ataanza kumpikia mtoto wake uji kwa maji yaleyale. Nikikutana naye bombani nashindwa kumtazama usoni. Nimpeleke mwanangu kwa dada? Nivunje siri ya mume wangu?

Mama wa Wawili, Meru

---

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninavyoielewa ina mambo mawili yaliyoshikana. La kwanza ni mtoto wako mdogo: abaki au aende. La pili ni karatasi uliyoonyeshwa usiku, ambayo inahusu watoto wa kijiji kizima. Umeyaandika kana kwamba ukiamua moja umeamua na jingine, na mumeo naye anaona hivyohivyo, kwa kuwa anahofia kwamba mtoto akiondoka siri itakuwa imetoka. Sina hakika kama ni lazima yaende pamoja, na nitakueleza sababu.

Nianze na swali lako la dawa au sumu, kwa sababu mengine yote yanaliegemea. Floraidi ni madini yanayotoka kwenye miamba. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huwa na asili ya magadi na kalsiamu kidogo. Kwingineko kalsiamu huikamata floraidi na kuifanya ituame. Huku kwenu haipo ya kutosha, hivyo floraidi inabaki imeyeyuka. Ndiyo maana maziwa ya Momella, yaliyo chini ya mlima wenu huohuo, yana floraidi ya kiwango cha juu mno, na ndiyo maana kuchimba kisima kirefu hakukuhakikishii maji yenye floraidi kidogo hata yakiwa maangavu kiasi gani. Haina rangi wala harufu.

Ikiwa kidogo, floraidi huimarisha sehemu ngumu ya nje ya jino na kupunguza kuoza. Mji wa Grand Rapids nchini Marekani ulianza kuiongeza kwenye maji mwaka 1945, na kiwango kinachopendekezwa huko tangu 2015 ni miligramu 0.7 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, kwa kuwa mikoa kama wenu haikuwa na vyanzo vingine vya kutosha, lakini sasa kiwango chetu cha taifa nacho ni 1.5. Maji yenu, kwa karatasi ile, yamezidi ukomo huo zaidi ya mara nne, na yanakaribia mara tisa ya kile ambacho Wamarekani wanakiongeza kwa makusudi. Kwa hiyo uliyoyasikia ni kweli, ila wanaoongeza floraidi kwenye maji na nyinyi mnaotafuta kuipunguza mnazungumzia viwango vilivyo mbalimbali sana. Dawa ya meno ni jambo jingine tena: hufanya kazi juu ya jino na hutemwa. Endeleeni kuitumia, na kwa huyu mdogo paka kiasi cha punje ya mchele tu.

Sasa tumtazame mtoto. Katika barua yako naona unaamini kwamba kila siku anayokaa hapo inamharibia meno kwa kiasi kilekile, na kwamba njia pekee ya kumwokoa ni kumtoa. Naomba tulitazame wazo hilo polepole. Floraidi haidhuru jino lililokwisha kuota namna hiyo. Hulidhuru wakati linajengwa ndani ya taya, kabla halijaonekana. Ndiyo maana wewe uliyekuja mtu mzima hukupata doa. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kujengwa katika miezi ya mwanzo ya maisha, na sehemu yake inayoonekana hukamilika mtoto akiwa na takriban miaka minne. Ya nyuma huendelea mpaka karibu miaka minane. Jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi ni kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Kwa miezi hii yote aliyonyonya, umekuwa ukimlinda bila kujua. Hatari kubwa inaingia sasa, kwa uji.

Ukimpeleka Morogoro, utakuwa umemtoa kwenye maji hayo katika miaka ile ambayo meno ya mbele yanajengwa, na hilo ni faida kubwa ambayo siwezi kuipuuza. Lakini utakuwa pia umemtoa kwenye titi akiwa na miezi minane, na utakuwa umekubali akue akimwita mama mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni dada yako wa damu na mnapendana. Wapo watoto waliolelewa hivyo wakawa watu wazima wenye furaha, na wapo ambao waliporudi wakiwa na miaka saba walijihisi wageni kwa wazazi wao. Hata maji ya huko kwa dada sidhani umeyaulizia. Tusiyahesabu kuwa salama kwa sababu tu hayako Meru.

Kuna na mtu mmoja ambaye sikumwona katika hesabu yako ya kumhamisha mtoto. Binti yako ana miaka 11 na anaelewa kila kinachosemwa nyumbani. Siku mdogo wake akipakiwa kwenye basi, ataambiwa nini? Ukweli ni kwamba anaondolewa ili asije akawa na meno kama ya dada yake. Mtoto anayejificha nyuma ya nyumba na kipande cha msasa anaweza kuusikia ukweli huo kwa namna itakayomuumiza kuliko maneno ya wenzake shuleni. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo usimpeleke mdogo. Nasema kwamba ukiamua hivyo, mazungumzo na binti yatangulie safari.

Ipo njia ambayo hukuitaja: kubadilisha maji yanayoingia mdomoni mwa mtoto, na kuacha mengine yote kama yalivyo. Kuoga, kufua na kuosha vyombo kwa maji ya kisima hakuna madhara haya, kwa kuwa floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kuhofia. Kinachohitajika ni maji ya kunywa, ya uji, na ya kupikia chakula chake. Tuseme ni lita 5 kwa siku. Kiangazi chenu kirefu, kuanzia Juni hadi Oktoba, kina takriban siku 150, kwa hiyo mtoto huyu anahitaji lita 750 kukivuka. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Paa la bati lenye mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 10 tu, hutoa lita 400, na hata tukitoa moja ya tano kwa yanayomwagika na ya mwanzo yanayoosha vumbi, zinabaki 320. Tangi la lita 1,000 linamtosha yeye. Kwa familia nzima, kwa lita 20 kwa siku, mngehitaji kama lita 3,000. Gharama ipo, nami siwezi kujua mfuko wenu, lakini nauli na matunzo ya mtoto aliye Morogoro kwa miaka sita ni gharama pia.

Njia hiyo nayo ina mitego. Maji ya mvua yaliyokaa muda mrefu yanahitaji tangi lenye mfuniko na kuchemshwa kabla ya kunywewa, ili kumkinga mtoto na kuhara. Usidhani, hata hivyo, kwamba kuchemsha maji ya kisima kutasaidia: floraidi haiondoki na mvuke, na maji yakipungua sufuriani kiwango chake kinapanda. Vidonge vya klorini na vichujio vya kawaida vya mishumaa haviiondoi pia. Magadi mnayotia kwenye makande na maharage yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana, na chai ya majani ina yake, hivyo kwa mtoto mdogo vyote viwili ni vya kuepuka. Na nidhamu hii inamhusu kila mtu ndani ya nyumba. Mtoto akianza kutembea atapewa kikombe na yeyote aliye karibu.

Wengine hutumia mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto linalodhibitiwa, husagwa kuwa chembe, na maji yakipita humo floraidi hubaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho huko kwenu na chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na katika nchi jirani ya Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likitengeneza vichujio vya aina hiyo. Ni njia ninayoiheshimu, lakini mkaa huchoka bila kutoa dalili yoyote: maji yanaonekana yaleyale na ladha ni ileile, kumbe floraidi inapita yote. Anayeutumia sharti apime mara kwa mara na kujua lini aubadilishe. Wapo pia watu ambao imani yao inawafanya waulize mifupa hiyo ni ya mnyama gani na amechinjwaje, na swali hilo lijibiwe kwa heshima kabla kichujio hakijawekwa jikoni.

Umeuliza kuhusu mgongo wa mama mkwe na miguu ya mtoto wa jirani. Floraidi nyingi inayonywewa kwa miaka mingi hujikusanya kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dalili za mifupa huweza kuonekana pale maji yanapokuwa na miligramu 3 hadi 6 kwa lita, na ulemavu mkubwa kwa kawaida hutokea maji yanapozidi miligramu 10. Kwa hiyo huwezi kusema maji hayahusiki. Lakini mgongo wa mzee aliyelima maisha yake yote una sababu nyingi, na miguu ya mtoto inaweza kupinda kwa matege yanayotokana na upungufu wa kalsiamu au vitamini D, na hayo hutibika yakiwahiwa. Ningehuzunika sana kama mtoto yule angekosa tiba kwa sababu watu wazima wamekubaliana kwamba ni maji tu. Mwambie mama yake ampeleke hospitali. Kwa hilo huhitaji kuvunja siri ya mtu.

Huenda umesikia pia kuhusu akili za watoto. Mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilitoa mapitio ya tafiti nyingi, ikahitimisha, kwa imani ya kiwango cha kati, kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita yanahusiana na alama za chini kidogo katika vipimo vya akili vya watoto. Nimelitaja ili usilisikie bombani likiwa limetiwa chumvi. Ni jambo linalohusu wastani wa watoto wengi kwa pamoja, na halimwelezi mtoto yeyote mmoja. Mwalimu amekwambia kwamba binti yako majibu anayajua. Shika hilo.

Kuhusu binti huyo, msasa ukome leo, lakini ukome kwa upole. Sehemu ya nje ya meno yake tayari ni dhaifu, na kuikwangua ni kuondoa kinga iliyobaki. Meno yenye vishimo huweza kuoza upesi zaidi, ndiyo maana mswaki na dawa ya meno vinamhusu sana. Madaktari wa meno wana njia za kusaidia, kuanzia kuondoa tabaka jembamba la juu lenye rangi, hadi kuziba vishimo kwa kijazio cha rangi ya jino na, akishakua, kuyafunika meno ya mbele. Si kila njia inafaa kwa umri wake, na si zote ni za bei nafuu, lakini kumpeleka kwa daktari peke yake kutamwonyesha kwamba shida yake imeonekana. Mpe pia maneno ya kuwajibu wenzake. Rangi ile iliwekwa kwenye jino kabla halijatoka kwenye ufizi, hivyo hakuna mswaki ambao ungeizuia. Haiambukizi, na hakuirithi kwa baba yake; alikunywa tu maji aliyokunywa baba yake. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuyasema hayo kwa kichwa kilichoinuliwa ikiwa ameyasikia kwanza kwa wazazi wake wote wawili.

Hapo ndipo ninapomfikia mumeo. Umeniomba nisimwone kuwa mbaya, na simwoni hivyo. Hofu yake ina msingi: kuhara humuua mtoto mchanga kwa siku chache, wakati floraidi hufanya kazi yake kwa miaka, na kijiji kikirudi mtoni ghafla kunaweza kuwa na misiba. Ninalojiuliza ni kama amefikiria namna moja tu ya kuwaambia watu. Kusimama mkutanoni na kutangaza kwamba kisima kina sumu ni namna mojawapo. Namna nyingine ni kusema kwamba maji haya yanaendelea kuwa mazuri kwa matumizi karibu yote ya nyumbani, yaendelee kulipiwa, ila kwa watoto walio chini ya miaka minane tutafute kwa pamoja maji mengine ya kunywa na kupikia, tuanze na paa la shule na la zahanati. Kijiji kilichobeba mawe hadi kisima kikakamilika kinaweza kubeba na taarifa hii, lakini nakiri kwamba wewe unawajua watu wako kuliko mimi.

Ukienda kumwambia jirani yako peke yako, mtoto wake anaweza kuwahiwa kabla ya uji wa kwanza. Habari pia inaweza kufika kijiweni ikiwa imepinda, mumeo akaonekana alificha, na imani yake kwako ikapasuka katika nyumba ambayo tayari ina mvutano na mama mkwe. Ukinyamaza bila ukomo, ndoa itatulia kwa nje, na kila mwezi utakutana bombani na mama mwingine mwenye mtoto mgongoni. Kati ya hayo mawili kuna kumwambia mumeo, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba umekubali kusubiri lakini hukukubali kusubiri bila tarehe. Mnaweza kukubaliana kwamba kamati ipime tena, kwa sababu sampuli moja inaweza kukosewa na kiwango kinaweza kubadilika kati ya masika na kiangazi, na kwamba majibu ya pili yakitoka, yeye mwenyewe ndiye atakayesimama kuwaeleza watu, akiwa na mtaalamu wa maji na mhudumu wa afya pembeni yake. Na huyo jirani hana haja ya kujua kiwango chochote ili umshauri, kama mama kwa mama, aendelee kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine mpaka miezi sita itimie. Hilo huambiwa kila mama kliniki.

Mkiwa wawili, muulize mumeo ilikuwaje kwake alipotoka kijijini kwa mara ya kwanza. Mtu aliyekua akiambiwa kwamba meno yake ni ya kawaida, halafu akachekwa ugenini, mara nyingi hujifunza kutolizungumza kabisa, na kimya chake cha leo kinaweza kuwa kirefu kuliko karatasi ile.

Mama mkwe naye, mwanangu, usimpelekee hoja za maabara kwanza. Anachokisikia katika maneno yako ni kwamba watoto aliowazaa wana kasoro na kwamba mlima wake ni mchafu. Angeweza kukusikia vizuri zaidi kama ungemwomba kitu. Mkipata tangi, yeye ndiye akabidhiwe ufunguo wake, ahakikishe mjukuu wake hapewi maji mengine. Bibi aliyebeba mawe ya kisima hashindwi kulinda tangi, na pengine ndiye atakayewaeleza wanawake wenzake jambo hili kwa lugha ambayo wewe, mgeni kutoka Morogoro, huwezi kuipata.

Dada yako usimkatalie wala usimkubalie bado. Mwambie unashukuru, na umwombe akuchukulie sampuli ya maji ya kwake. Yeye pamoja na kamati yenu watumie chupa safi ya plastiki, si ya kioo, waisuuze kwa maji yaleyale kabla ya kuijaza, na waandike tarehe na mahali yalikochotwa. Majibu yakitoka, ya Meru na ya Morogoro, niandikie tena tuyasome pamoja.